Mkono wa Mkwe Ndani ya Kanisa la Mawe

Mimi siongei sana, na nyumbani wananituma kwa sababu hiyohiyo. Mama anasema ujumbe ukipita kwangu unafika kama ulivyotoka. Ukweli ni kwamba siongezi neno kwa sababu naona aibu kusimama mbele ya mtu mzima muda mrefu. Nasema nililotumwa, naondoka.

Kwa hiyo Mama alipotaka Bibi aje mjini kutibiwa macho, alinituma mimi. Ilikuwa mwezi wa sita, shule zimefungwa, nasubiri kurudi kidato cha tatu muhula wa pili. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Bariadi kwa wiki moja tu, kuanzia Jumatatu, wanapasua mtoto wa jicho bure. Bibi ni mama yake Mama. Anaishi kijijini upande wa Nkoma, peke yake tangu Babu afariki, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu. Mpango ulikuwa mimi nitangulie Ijumaa nikamlainishe. Mama na Baba wangekuja Jumapili asubuhi na pikipiki, tusali wote kanisani kwake, halafu turudi naye mjini.

"Nimlainishe vipi?" niliuliza.

"Mweleze tu. Wewe anakusikiliza."

Sikumwambia Mama kwamba Bibi ananisikiliza kwa kuwa sisemi kitu.

Tatizo halikuwa kisu. Bibi amezaa watoto wengi nyumbani, kisu hakimtishi. Tatizo lilikuwa Baba. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Nimewahi kumweleza rafiki yangu wa shule anayetoka Moshi, akasema, "Kwani waligombana?" Hawajagombana. Baba anampenda Bibi kuliko anavyowapenda dada zake mwenyewe, na mvua za kwanza zikianza yeye ndiye anayempelekea mbegu. Ila anampelekea kwa heshima, maana yake kwa mbali.

Akifika kwake, Baba anazima pikipiki nje ya uzio wa minyaa na kukohoa. Bibi anaingia ndani. Baada ya hapo wanazungumza kupitia kwangu, ingawa ukuta ni wa tope na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie baba yako sukari nimeipata. Wabeja."

Natoka nje. "Bibi anasema sukari ameipata, asante."

"Mwambie si kitu."

Narudi ndani. "Anasema si kitu." Na Bibi anaitikia kwa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia akalale nyumbani kwa Baba. Baba ni fundi ujenzi. Amewajengea watu nyumba zenye vyumba vitano na vigae sakafuni, lakini yetu ina vyumba viwili, sebule na korido.

Ijumaa jioni nilimkuta Bibi uani anatoa takataka kwenye pamba aliyochuma. Alikuwa anazitafuta kwa vidole, uso ameuinua juu, hatazami kabisa anachofanya. Nikamweleza habari ya madaktari, yote kwa pumzi moja.

"Nitalala wapi?" aliuliza.

"Chumbani kwangu."

"Choo kiko wapi?"

"Kwenye korido."

"Na baba yako akitoka kwake anapita wapi?"

"Kwenye korido."

"Haya," alisema Bibi. "Umeshanijibu."

Kazi ya kulainisha ikaishia hapo. Tulikula ugali na mlenda, akaniuliza habari za shule, akaenda kulala.

Jumamosi ilikuwa zamu ya jumuiya ya Bibi kusafisha kanisa. Wanajumuiya wengine walikuwa bado mashambani, kila mtu na pamba yake, kwa hiyo tulikwenda sisi wawili na fagio na ndoo. Nilikuwa nimeingia kanisa lile mara nyingi tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, lakini sijawahi kuliona likiwa tupu.

Watu wa pale wanaliita kanisa la mawe. Wanasema lilijengwa na mapadre wazungu wa zamani sana, na babu zao ndio waliobeba mawe kutoka kilimani, mengine kwa kichwa, mengine kwa mkokoteni wa ng'ombe. Zamani ndilo lilikuwa kanisa kuu la upande wote ule. Baadaye parokia ikahamia barabarani, likajengwa kanisa kubwa la bati la bluu, na hili likabaki kigango. Padre anakuja mara mojamoja, Jumapili nyingine anaongoza katekista. Ni dogo, halizidi darasa letu kwa mengi. Kuta ni nene mpaka dirisha linaonekana kama tundu refu. Ukipitisha mkono unaishia kwenye kiwiko ndipo ukutane na kioo. Vioo vilikuwa vya rangi. Vimebaki vyekundu vitatu na cha kijani kimoja, kwingine wameziba kwa bati. Ukutani kuna madhabahu ya zamani, ya enzi ambazo padre alikuwa anawapa watu mgongo, siku hizi inawekwa maua ya plastiki. Kisima cha ubatizo kimechongwa kwenye jiwe moja, na ukingo wake umelika upande mmoja. Juu kuna popo. Harufu ni ya popo, ya mshumaa, na mwezi ule pia ya pamba, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuleta sadaka ya mavuno na magunia yalishajaa sehemu yote ya nyuma.

Tulipoingia, Bibi alisimama karibu na mlango akainama kidogo.

"Mwadila," alisalimia, akielekea upande yalipokuwa magunia mawili yaliyosimamishwa ukutani.

Niliangalia huku na huku. "Bibi, hayo ni magunia."

"Najua," alisema. "Nayo nayasalimia."

Halafu akaanza kufagia, na hapo nikashangaa. Nyumbani alikuwa anapapasa ukuta akitafuta mlango wake mwenyewe. Humu alitembea katikati ya mabenchi bila kushika kitu. Alijua ngazi ya altare iko wapi, alijua benchi lenye mguu mbovu, alijua hata pale sakafu ilipopasuka, akainua mguu. Ila uchafu wenyewe hakuuona. Alifagia vizuri kabisa mahali pasipo na kitu, na kinyesi cha popo kilichokuwa mbele ya sanamu ya Bikira Maria akakiruka. Nilikuja nyuma yake nikifagia tena polepole ili asisikie.

Nilipochoka nikakaa.

"Umekaa kwa wanaume," alisema Bibi bila kugeuka. Kanisani kule wanaume wanakaa kulia na wanawake kushoto. Hakuna aliyeandika popote, ndivyo ilivyo.

"Hakuna mtu, Bibi."

"Wapo. Hawajafika tu."

Nikahamia kushoto. Naye akaja akakaa benchi lake, la pili kutoka mbele, karibu na dirisha lenye kioo cha kijani. Akaniambia alibatizwa kwenye jiwe lile akiwa msichana mkubwa, amefunga ndoa pale mbele, na Babu walimuaga palepale. Niliona ndiyo nafasi. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha: kwamba madaktari hawatarudi upesi, kwamba akichelewa sana huenda jicho lisipasulike, kwamba Mama analia. Yaliyotoka yalikuwa haya:

"Mama analia, Bibi."

"Najua. Alikuwa analia hata akiwa mdogo." Akakung'uta fagio. "Wewe mwambie humu ndani sihitaji macho. Na nyumbani kwangu nitazoea. Lakini kupita mbele ya mkwe wangu na kanga ya kuogea, hapana. Kuna mambo mtu hazoei."

Jumapili, Baba na Mama walifika mapema. Nilisikia pikipiki ikizimwa kwenye minyaa, kikohozi, Bibi akaingia ndani. Mama alikuja amevaa kitenge kipya, akaniangalia usoni. Nikatikisa kichwa. Akaingia kwa Bibi na nilisikia wakisemeshana kwa Kisukuma, Mama haraka haraka, Bibi neno mojamoja. Mama alitoka macho mekundu.

"Amesema nini?" Baba aliuliza kutoka nje ya uzio.

"Amesema tukasali," alijibu Mama.

Tukaenda kanisani, wanawake mbele, Baba nyuma kwa mbali.

Hapa lazima nieleze jambo moja, la sivyo mtu hataelewa kilichotokea. Kwenye kanisa lile, katekista akisema tutakiane amani, watu hawampi mkono jirani wakaishia hapo. Wanatoka kwenye mabenchi. Ngoma inalia, kwaya inaimba, wanaume wanavuka kwa wanawake na wanawake kwa wanaume, mpaka kila mtu awe amemsalimia kila mtu. Wanasema "Mhola, mhola," yaani amani, salama. Ni watu wachache, kwa hiyo inawezekana. Na kwa kuwa wengi wana wakwe mle ndani, kila mmoja ana mpango wake. Kuna mzee huwa anafunga kamba za viatu. Kuna mama huwa anampeleka mtoto kukojoa hata kama mtoto hataki. Baba yeye hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na ngoma ikianza tu anatoka kuangalia kama pikipiki ipo. Kila mtu anajua. Hakuna anayecheka.

Lakini siku ile nyuma kulikuwa na magunia. Wakati wa mahubiri walikuja wengine na sadaka zao, magunia yakaongezeka, wanaume wa nyuma wakaambiwa wasogee. Baba akasogezwa na kusogezwa mpaka akajikuta benchi la tatu, ukutani kabisa, na wanaume wanne wanene kati yake na njia. Nilimwona akigeuka kuangalia mlango. Mlango ulikuwa mbali.

Katekista akasema tutakiane amani. Ngoma ikalia.

Nilimshika Bibi kiwiko. Akauchomoa mkono wake.

"Niache. Humu siongozwi kama mbuzi wa mnada."

Akaondoka. Alianza na akina mama wa benchi letu, akapita kwa kwaya, akavuka njia ya katikati kwenda kwa wanaume, mikono yote miwili mbele, "Mhola, mhola, baba, mhola." Siku nyingine anaishia kwa wazee wa benchi la mbele. Siku ile aliona raha, nadhani, kwa sababu kila mtu alikuwa anamtania kuhusu pamba yake nyeupe. Akaendelea. Benchi la pili. Benchi la tatu.

Baba alikuwa amejibandika ukutani. Wale wanene walitoka kumsalimia Bibi mmojammoja, na kila aliyetoka alizidi kuacha nafasi wazi. Mmoja alishtuka, akajaribu kurudi asimame katikati, lakini Bibi alikuwa ameshampita. Mama upande wa pili alifungua mdomo. Ungefanya nini? Kanisani huwezi kupiga kelele "kimbia." Baba alikuwa amenyoosha mkono kumpa kijana aliyekuwa nyuma yake, na kabla hajaurudisha Bibi akaukamata. Kwa mikono miwili.

"Mhola, baba," alisema.

Baba hakujibu. Akijibu, Bibi angeijua sauti. Asipojibu, amekataa amani.

Bibi akaubinyabinya ule mkono. Mikono ya Baba imekatwakatwa na saruji, ukiishika ni kama kushika tofali. "Huu mkono unafanya kazi," alisema Bibi kwa furaha. "Wa nani? Mbona hujibu amani ya Bwana?"

Na ngoma nayo ikanyamaza hapohapo, wimbo umeisha. Kanisa zima likawa linawatazama wawili wale. Kuna rafiki yake Bibi, bibi mwingine ambaye hajawahi kushindwa kusema jambo. Yeye ndiye aliyepaza sauti kutoka upande wa wanawake:

"Mayu wane! Achia mkono, mwenzangu! Huyo ni mkweo!"

Mtu mmoja kwenye kwaya alicheka, akakimeza kicheko. Bibi aliachia kama aliyeshika sufuria la moto. Akavuta kitenge chake kikafunika kichwa na uso wote, akageuka, na kwa mara ya kwanza mle ndani akapotea. Alipiga goti kwenye benchi. Akajaribu upande mwingine, akagonga lingine. Akasimama palepale, amefunikwa, hajui aende wapi.

Mimi siwezi kutembea katikati ya kanisa watu wakiwa wamekaa. Hata komunyo napokea mwisho. Nilisikia miguu yangu ikienda yenyewe, mbele ya katekista, mbele ya kwaya, mpaka kwa wanaume. Nikamshika mkono na safari hii hakuuchomoa. Nikamtoa kwa mlango wa sakristia kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Nyuma yetu katekista alianza wimbo wa Mwanakondoo kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Nje, upande wa kivuli, kuna mawe yaliyobaki tangu ujenzi. Tukakaa. Bibi alikaa amefunikwa muda mrefu. Sikusema kitu, hilo ndilo ninaloliweza. Mbwa mweusi alipita, akaninusa kiatu, akaenda zake.

"Alikuwa anaonekanaje?" aliuliza Bibi kutoka ndani ya kitenge.

"Nani?"

"Baba yako."

Nikafikiri. "Kama mtu aliyeumwa na nge ambaye hataki kulia."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ninamliza, nikataka kwenda kumwita Mama. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kitenge kikaanguka, akakohoa, akajifuta macho yale yenye ukungu.

"Tangu amuoe mama yako sijawahi hata kukanyaga kivuli chake," alisema. "Leo nimemshika mikono miwili, mbele ya Mungu na kwaya nzima. Na nikamsifia."

Ibada ilipoisha tulisikia kikohozi. Baba alikuwa kwenye kona ya ukuta, ametupa mgongo. Bibi naye akageuka kuelekea kilimani. Mimi nikabaki katikati.

"Mwambie bibi yako anisamehe," alisema Baba. "Nilibanwa."

"Anasema umsamehe, alibanwa."

"Mwambie kosa si lake. Nilimshika mimi."

"Anasema kosa si lako, alikushika yeye."

Baba alikuwa anakwaruza ukuta wa kanisa kwa kidole, pale kwenye chokaa ya zamani kati ya jiwe na jiwe, kama anavyofanya kila akiona ukuta. Halafu akasema kwa haraka, kama mimi ninavyosema:

"Mwambie kuanzia leo mimi nalala saiti. Kuna stoo ya saruji, ina mlango na kufuli. Nyumba ni yake na mama yako mpaka madaktari waseme basi. Sitakanyaga hata uani."

Nikamwambia, neno kwa neno.

Bibi aliendelea kutazama kilima ambacho alikuwa hakioni. "Saiti kuna mbu," alisema.

Sikujua kama huo ni ujumbe au anaongea tu. Nikaupeleka. "Anasema saiti kuna mbu."

"Mwambie nina chandarua."

"Ana chandarua."

"Na chakula?"

"Anauliza na chakula."

"Mwambie chakula utaniletea wewe."

Hilo nilikuwa sijaulizwa, lakini nikalipeleka. Bibi akapapasa jiwe alilokalia, akasimama, akakung'uta kitenge. Mama alikuwa ameshafika, amesimama kando anauma kucha.

"Nakwenda," Bibi alimwambia Mama. Halafu akaniinamia sikioni, ila Bibi hajui kunong'ona. "Nisipoona nitakuwa namshika kila Jumapili. Heri nikapasuliwe, nione, nimkimbie mkwe wangu inavyotakiwa. Hilo usimpelekee."

Sikulipeleka. Baba alikuwa bado ametupa mgongo, lakini niliona mabega yake yakitikisika.

Mbele ya kanisa watu walikuwa wanabishana. Mzee wa kufunga kamba za viatu alisema lazima Baba atoe mbuzi. Mwingine alisema mkono wa amani haumo kwenye mila, ni wa Kanisa, hauhesabiki. Yule rafiki yake Bibi alisema hata kama hauhesabiki, mbuzi ni mbuzi, atolewe tu watu wale. Baba aliposikia alisema atatoa, hataki maneno. Mbuzi yule alitolewa mwezi uliofuata, na mimi sikuwepo.

Pikipiki yetu aliiendesha katekista, amempakia Bibi katikati na Mama nyuma akimshikilia. Baba hawezi kumpakia Bibi, hata mtoto anajua. Mimi na Baba tulitembea mpaka barabarani kusubiri mchomoko, gari dogo la abiria, wa kwenda Bariadi. Njiani hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye mashamba ya dengu.

"Mkono wake ni mwepesi," alisema. "Sikujua."

Akautazama mkono wake mwenyewe, akauweka mfukoni.

Hospitali ilikuwa foleni tu. Wazee wengi, kila mmoja na mjukuu wake. Jumatatu walimpima, Jumanne wakampasua jicho la kushoto, wakamwekea bandeji na kumwambia arudi asubuhi. Daktari alisema la kulia watalifanya wakirudi tena, lakini hili moja litamtosha. Bibi alimwuliza kama ameolewa. Alikuwa daktari wa kike, mdogo. Alisema hapana, na Bibi akamwambia asikubali mwanamume mwenye mikono laini.

Bandeji ilipotolewa alinitazama mimi kwanza, kwa sababu ndiye niliyekuwa mbele yake. Alitazama muda mrefu. Mimi kutazamwa sipendi, nikainamisha uso, akauinua kwa kidevu.

"Kumbe una chunusi," alisema.

Nyumbani akaona mengine. Akaona rangi ya ukuta, akauliza nani kachagua kijani hiki. Akaona vumbi juu ya kabati ambalo Mama hufuta kila siku. Alilala kitandani kwangu, mimi chini kwenye mkeka, na nikawa namwekea dawa ya matone. Jioni nilimpelekea Baba chakula saiti. Kila siku aliuliza swali moja, "Anaona?" na mimi nilijibu, "Anaona." Sikujua niongeze nini.

Kabla wiki haijaisha, Baba aliishiwa shati. Alikuja mchana akijua Bibi hulala saa hizo. Lakini Bibi hakuwa amelala. Tulikuwa uani tunachambua mchele, yeye anatoa vijiwe na kunicheka mimi ninayeviacha.

Akanyanyua kichwa. Barabara yetu ni ndefu, na mwisho wake, kule kwenye mashine ya kusaga, watu wanaonekana wadogo. Mimi nilikuwa bado sijamtambua mtu.

"Yule mwenye kofia anayetembea ameinamia upande mmoja," alisema Bibi, "siyo baba yako?"

Nikatazama vizuri. Alikuwa Baba.

Bibi aliweka ungo chini bila haraka. Akajifunga kitenge vizuri, akapita kwenye korido, akaingia chumbani kwangu na kufunga mlango. Nilisikia komeo.

Baba alipofika kwenye geti alisimama. Akaona ungo, akaona viti viwili.

"Alikuwa hapa?"

"Alikuwa hapa. Amekuona ukiwa kule mashineni."

"Kule?" Akageuka kuangalia nyuma alikotoka. "Mwenyewe? Wewe hukumwambia?"

"Yeye ndiye aliyeniambia mimi."

Baba alisimama pale nje ya geti, akaegemea nguzo aliyoijenga mwenyewe, akacheka peke yake. Kisha akakumbuka, akashusha sauti, akaniambia nimletee shati la bluu, lile lisilo na kifungo cha juu, upesi, asimfungie mama wa watu chumbani na joto lote lile.